Sekunde sita za kijani: kupanga mataa kwa kompyuta nikiwa Tabora

Kwa muda sasa jioni zangu nyingi hapa Tabora nazitumia kupanga mataa kwenye kompyuta, kwa programu iitwayo SUMO, iliyotengenezwa na Kituo cha Utafiti wa Anga cha Ujerumani na inayotolewa bure kwa yeyote anayeihitaji. Programu hii huchukua ramani ya OpenStreetMap na kuigeuza kuwa barabara zenye njia na makutano, kisha huyaendesha magari ya kubuni sekunde kwa sekunde na kueleza kila moja lilisubiri kwa muda gani. Naithamini hasa kwa sababu mpango mbaya wa taa huonekana ukiwa bado kwenye kioo, kabla nguzo haijasimikwa na kabla mtu hajagongwa. Hata hivyo, anayeanza asiridhike na mpango ambao programu hujitungia: usipoielekeza vinginevyo, huyapa makutano mzunguko wa sekunde 90, yaani muda wa taa kupitia rangi zote kwa pande zote na kurudi mwanzo, bila kujali ni nani anayepita hapo.

Kanuni ninayoanzia kutafuta urefu wa mzunguko ni ile iliyotolewa mwaka 1958 na mtafiti F. V. Webster wa Uingereza. Unachukua sekunde zinazopotea katika kila mzunguko, yaani wakati magari yanaanza kuondoka na wakati makutano yanaachwa wazi kabla ya upande wa pili kuruhusiwa. Unazizidisha kwa moja na nusu, unaongeza tano, kisha unagawanya kwa sehemu ya uwezo wa makutano ambayo magari hayajaitumia. Ikiwa sekunde zinazopotea ni 10 na magari yametumia nusu ya uwezo huo, mzunguko unaofaa ni sekunde 40. Yakitumia robo tatu unakuwa 80, na yakifikia asilimia 90 unaruka hadi 200, na ndiyo maana kwenye barabara zilizoelemewa dereva husubiri mpaka akazima injini.

Sasa chukua makutano ya mfano yanayofanana na mengi ya mji wetu: barabara kuu yenye upana wa mita 14, ikikatwa na mtaa mdogo unaotoka sokoni. Barabara kuu inahitaji asilimia 40 ya uwezo na mtaa asilimia 10, kwa hiyo mzunguko ni sekunde 40, na zile 30 za kijani zinazobaki baada ya kutoa 10 zinazopotea zikigawanywa kwa uwiano huo, barabara kuu inapata 24 na mtaa unapata 6. Kwa magari, mpango huu hauna dosari. Lakini mama anayetoka sokoni na beseni kichwani huivuka barabara kuu wakati huohuo ambapo mtaa una kijani, na kwa mwendo wa kawaida wa mita 1.2 kwa sekunde anahitaji karibu sekunde 12, mbali na zile za kushuka ukingoni. Zile sita zinamwacha katikati ya lami.

Dawa yake si ngumu, ila lazima mpangaji aiandike mwenyewe. Weka kiwango cha chini cha kijani cha mtaa kuwa sekunde 16, uiachie barabara kuu 24 zake, na mzunguko uwe 50. Barabara kuu bado inapata asilimia 48 ya muda wakati mahitaji yake ni 40, hivyo foleni yake hurefuka kidogo tu na kwa kawaida huisha katika kila mzunguko. Sioni sababu yoyote ya kumnyima mtembea kwa miguu sekunde hizo kumi.

Bodaboda na baiskeli zinataka uangalifu wa namna nyingine. SUMO isipobadilishwa hupanga vyombo kimoja nyuma ya kingine katika kila njia, ilhali hapa pikipiki hupenya kati ya magari, hujikusanya mbele ya mstari na huondoka kwa pamoja kijani kinapowaka. Programu ina mpangilio unaoigawa njia katika vipande vyembamba ili vyombo viweze kwenda sambamba, na kwa miji ya kwetu nauona wa lazima. Kabla ya hapo, kaa kando ya barabara na daftari asubuhi na jioni, uandike pikipiki, bajaji, baiskeli, malori na watembea kwa miguu kila kundi katika safu yake, kwa sababu programu haimpi sekunde hata moja mtu ambaye hukumwandika.