Laisini na mrututu: kunasa hamira mwitu kwenye hamira ya bia

Seli moja ya hamira mwitu, yaani hamira isiyotakiwa iliyojipenyeza, kati ya milioni huwezi kuitafuta kwa hadubini, na hata ukiiona, mara nyingi haina tofauti na zile za bia. Dawa yake ni sahani ya aga (jeli ya kuoteshea vijidudu) ambayo hamira yako inashindwa kuota, lakini mgeni anaota.

Aga ya laisini ndiyo kongwe. Saccharomyces, jenasi ya karibu hamira zote za bia, haiwezi kutumia laisini, aina ya asidi amino, ikiwa ndiyo chanzo pekee cha naitrojeni. Pichia na Candida, jenasi za hamira mwitu, zinaweza. Asidi ya laktiki ya kushusha pH hadi 4.8 itiwe aga ikishapoa hadi nyuzi 50. Ukiichemsha humo, aga inalegea na haigandi vizuri.

Wengi huharibikiwa kwenye kuosha. Mabaki ya bia yana naitrojeni, nayo huilisha hamira yako mwenyewe, hivyo sahani inajaa koloni (vidoa vya seli zilizoota) za uongo. Zungusha sampuli kwenye mashine ya sentrifuji hadi seli zitulie chini, mwaga maji ya juu, ongeza maji yaliyotakaswa, rudia mara 3. Kisha hesabu seli, zifikishe milioni 10 kwa mililita, utandaze ml 0.2. Koloni 1 hapo ni seli mwitu 1 kati ya milioni 2. Usipande seli chache ukidhani unajihadhari: zikiwa chache mno, hamira ya bia nayo huota vikoloni vidogo.

Lakini laisini haimwoni adui mbaya kuliko wote, Saccharomyces cerevisiae var. diastaticus, kwa kuwa naye ni Saccharomyces. Huyu hula dekstrini (wanga uliokatwakatwa ambao hamira ya kawaida ya bia haiuli) zilizobaki ndani ya chupa hadi gesi inazidi na chupa inapasuka. Hapo tumia mrututu, yaani salfeti ya shaba: shaba yake huzuia hamira nyingi za bia kuota. Kwa lita 1: dondoo la kimea g 3, dondoo la hamira g 3, peptoni g 5, glukosi g 10, aga g 20, na mrututu mg 200. Mizani ndogo haipimi mg 200 kwa uhakika, basi yeyusha g 2 katika ml 100 za maji na uchukue ml 10. Takasa kwa nyuzi 121, dakika 15. Nunua mrututu wa maabara, si wa duka la pembejeo, na uvae glovu.

Weka sahani kwenye nyuzi 25, uzikague siku ya 3, ya 5 na ya 7. Kila mara panda pia hamira safi unayoijua. Baadhi ya aina za hamira ya bia huvumilia shaba kwa asili. Kama yako ni mojawapo, mrututu haukufai kwa kiwango hicho. Na si kila diastaticus anaota hapo: sahani tupu haimwondolei shaka, kwa hiyo hamira inayokwenda kwenye bia ya chupa ipimwe pia jeni la STA1, linalomwezesha diastaticus kula dekstrini, kwa PCR (kipimo cha kunakili DNA).