Kona za ndani: nilivyofunga skating bila kuacha mwanya

Plasta nyingi hapa Mwanza hupigwa kwa mkono, hivyo kona yenye nyuzi 90 kamili ni ya kubahatisha. Sebule niliyofunga skating, yaani ule ubao wa nakshi unaozunguka kuta kwa chini, huko Nyegezi niliipima kabla sijagusa msumeno: kutoka kwenye kona, sentimita 60 ukuta mmoja, 80 ukuta wa pili, kisha nikavuta futi ya kupimia kati ya alama hizo mbili. Kona ya nyuzi 90 ingetoa 100; hapa ikaja 101. Kona imepanuka.

Kwenye kona kama hiyo, kukata vipande viwili kwa nyuzi 45 na kuvikutanisha ni kujitafutia kazi ya kuziba mianya kwa puti. Hata vikikubali siku ya kwanza, mvua zikishaisha na ubao ukakauka, mwanya utafunguka tu, maana ubao husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Mimi nachonga kipande kimoja kikumbatie kingine.

Cha kwanza nilikikata wima, kikaenda hadi kugusa ukuta, nikakipigilia. Kazi iko kwenye cha pili. Nilikikata kwanza nyuzi 45, ule mkato ukitazama chumbani. Pale mkato unapokutana na uso wa skating hutokea mstari unaofuata nakshi yote: mviringo wa juu, kibonde, halafu bapa. Nikaupitisha penseli uonekane vizuri. Kisha nikachukua msumeno wa upinde wenye bledi nyembamba, nikaufuata mstari huo polepole huku nimeulaza ili nyuma ya ubao iondoke nyama (unene wa mbao) nyingi kuliko mbele. Kinachotakiwa kugusa ni ukingo wa mbele peke yake. Nyuma pakibaki nyama, ubao hausogei hata uusukume vipi.

Msonobari ni laini, unakatika bila shida, ila ile ncha ya juu hubaki nyembamba sana na ukiharakisha inameguka. Pale niliuacha msumeno, nikamalizia kwa tupa ya duara na msasa, nikijaribisha kila mara kwenye kipande cha mabaki.

Mama mwenye nyumba akauliza, “Fundi, na hapa puti utapaka lini?”

“Hapa hapana puti, mama. Ni rangi tu.”

Kona za nje, zile za kwenye nguzo ya sebule, nilizikata nyuzi 45 kama kawaida. Ukichonga huko, kichwa cha ubao kinabaki wazi na kila anayeingia anakiona.