Kwenda Bangkok, Kuuziwa Jiwe la Mererani

Afisa wa kwanza anayepaswa kumwona msafiri kutoka Tanzania, Kenya au Uganda katika uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, ni wa afya na si wa uhamiaji. Lipo dawati la kukagua kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na asiyepita hapo kwanza hurudishwa akishafika mbele ya foleni ndefu ya pasipoti. Naanza na jambo hili kwa sababu niliiona familia moja iliyozungumza Kiswahili cha Nairobi ikirudishwa hivyo, watoto wamelala mabegani mwa wazazi, na hapakuwa na mtu aliyewaeleza mapema.

Nilikuwa nimefuatana na mama mdogo, mwenye duka la nguo Kariakoo, ambaye huenda kununua mzigo katika masoko ya Pratunam na Bobae. Siku za sokoni sitazisimulia, maana anayeifanya biashara hiyo anazijua na asiyeifanya hatanufaika na habari za marobota. Nitaongeza tu kwamba risiti nyingi huandikwa mwaka wa Kibuddha, uliotangulia wetu kwa miaka 543, kwa hiyo anayesoma 2567 asishtuke, huo ni 2024. Hoteli yetu ilikuwa ghali kuliko ilivyostahili, kwani chumba hakikuwa na dirisha, na kwenye lifti palikuwa na tangazo la kupiga marufuku doriani, tunda ambalo watu wa Unguja wanalijua na wanaelewa vizuri kwa nini mwenye hoteli angeliogopa. Mitaani, hata hivyo, tulijiona tuko pwani yetu: shokishoki zimefungwa mafungu, mafenesi yamepasuliwa, maembe mabichi yanauzwa na chumvi ya pilipili. Hata joto lilikuwa la Dar es Salaam mwezi wa Februari, ila bila upepo wa bahari.

Siku mama mdogo aliyoitenga kwa mapumziko tulikwenda kuliona Kasri Kuu la wafalme, lililoanza kujengwa mwaka 1782, mwaka uleule Bangkok ilipofanywa mji mkuu. Tulikuwa tunatembea kando ya ukuta wake mweupe, hatujafika langoni, mtu wa makamo mwenye shati lililonyooshwa vizuri alipotukabili, akaunganisha viganja kifuani na kumwinamia mama mdogo kama mtu anayemwamkia mkubwa wake. Akatueleza kwa Kiingereza safi kwamba kasri limefungwa hadi saa saba mchana kwa ajili ya ibada ya watawa. Akaomba ramani yetu, akazungushia kalamu hekalu lenye sanamu ya Buddha aliyesimama, kisha duka la vito ambalo, kwa maneno yake, serikali ilikuwa imeruhusu liwauzie wageni bila kodi kwa siku hiyo tu. Akasimamisha bajaji, akapatana na dereva atuzungushe kote huko kwa baht 20, fedha isiyotosha hata kununua dafu moja. Yote hayo yalikuwa uongo. Kasri lilikuwa wazi, kama linavyokuwa karibu kila siku kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri.

Sanamu tuliiona, nayo ni ya kuonwa kweli, mita 32 za dhahabu zinazopanda juu ya mapaa ya mtaa wa kawaida, na wanawake wanaweka maua miguuni pake. Dereva alituharakisha. Dukani tulipokewa na kiyoyozi, viti vya ngozi na sharubati baridi, na kijana mtanashati akatuwekea trei ya mahameli yenye yakuti nyekundu na yakuti samawi. Akauliza tumetoka wapi. Mama mdogo aliposema Tanzania, kijana yule alichangamka, akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi nyeupe iliyokunjwa na kuikunjua polepole mbele yetu. Ndani yake palikuwa na jiwe la buluu lililokatwa vizuri. Akasema ni tanzanaiti, mali ya kwetu, na kwamba tukiichukua kwa dola 900 tutakwenda kuiuza Arusha mara mbili ya bei hiyo.

Kijana hakujua alikuwa anazungumza na nani. Marehemu mume wa mama mdogo alikuwa dalali wa madini Arusha kwa miaka mingi, na mawe ya Mererani, kunakochimbwa tanzanaiti, yalikuwa yakimwagwa juu ya meza yao ya chakula jioni, yakachambuliwa kwa mwanga wa taa na kufungwa tena kwenye karatasi kama ile. Mama mdogo aliomba ruhusa, akalichukua jiwe hadi kwenye mlango wa kioo ulioingiza jua, akalishika kwa kidole gumba na cha shahada, akaanza kuligeuza. Tanzanaiti ya kweli haina rangi moja. Ukiitazama upande huu ni buluu iliyokolea, ukiigeuza kidogo inaingia zambarau, na macho yaliyozoea huona mabadiliko hayo hata katika jiwe dogo. Lile la dukani liligeuzwa likageuzwa, na kila upande likabaki na buluu ileile.

Nilitazamia apandishe sauti, maana namfahamu anavyowafanyia mawakala wa mizigo. Badala yake alirudi kitini, akaliweka jiwe katikati ya karatasi yake, akatabasamu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mwambie jiwe lake linapendeza, lakini halikuzaliwa Mererani. Mwambie na mume wangu alikuwa muuzaji." Nikalifikisha neno hilo kwa upole uleule. Kijana akainamisha macho, akaikunja karatasi, akatuunganishia viganja. Mzee aliyekuwa amesimama mlangoni, ambaye dakika chache nyuma alikuwa anatutajia pete za bei nafuu ili tusitoke mikono mitupu, alitufungulia bila neno lolote.

Aliyekasirika ni dereva. Alitueleza waziwazi kwamba duka humpa kuponi ya mafuta kwa kila mgeni anayekaa na kununua, na kwa kuwa hatukununua, alitaka tuingie katika duka la mshona suti. Tulipokataa alituacha hapohapo, barabara tusiyoijua, saa sita jua la utosi. Teksi ya kwanza ilitaka baht 300 na dereva wake akakataa kuwasha mita, ilhali mita huanzia baht 35. Ya pili ilitufikisha hotelini kwa chini ya theluthi moja ya fedha hiyo. Anayekwenda huko ashike namba 1155, ya polisi wa watalii, na asikae ndani ya teksi isiyowasha mita.

Usiku ule tulizungumza kwa muda mrefu, na mazungumzo yalikuwa ya nyumbani kuliko ya Bangkok. Jiwe la tanzanaiti, tangu lijulikane mwaka 1967, halijapatikana kwa wingi wa kibiashara mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye vilima vya Mererani, wilaya ya Simanjiro. Wanaapolo, yaani wachimbaji wake, hushuka chini mamia ya mita kulitafuta, na mwaka 2018 jeshi lilikamilisha ukuta wa zaidi ya kilomita 24 kuyazunguka machimbo ili lisitoroshwe. Mama mdogo alikumbuka pia miaka ya 1990, Tunduru ilipofurika wanunuzi wa Kithai na wa Sri Lanka waliokuja kufuata yakuti samawi, wakaenda nazo kuzichoma na kuzikata huku na kuziuza kwa bei ambayo mchimbaji wa Tunduru hakuwahi kuisikia. Kilichomuuma si kudanganywa. Kilichomuuma ni kwamba jina la nchi yetu lina thamani ya kutosha kuuzia jiwe bandia ugenini, wakati wanawake wengi wa kwetu, mimi mmojawapo, hatujawahi kulivaa la kweli.

Nami niliwafikiria mapapasi wa Forodhani na wa stendi ya Arusha, wanaomwambia mgeni kwamba boti imejaa au hoteli yake imefungwa. Tumeyazoea, tunayapita. Nilipokuwa mimi ndiye mgeni mwenye ramani mkononi, nilielewa jinsi uongo wa dakika mbili unavyoweza kumwibia mtu siku nzima aliyoikusanyia akiba.

Utulivu wa mama mdogo haukutoka hewani. Wenye maduka wa Pratunam walikuwa wamemfunza zamani kwamba huko anayefoka hadharani ndiye anayeaibika, hata akiwa na haki. Nililithibitisha hotelini, ambako Mzungu mmoja alimkaripia mpokeaji wageni juu ya maji ya moto, na binti yule akatabasamu tu, akarudia sentensi ileile, na maji hayakuja. Walimfunza mengine pia. Kichwa cha mtu hakiguswi, hata cha mtoto, ingawa sisi mtoto mzuri humpapasa kichwa bila kufikiri. Nyayo hazielekezwi kwa mtu wala kwa sanamu. Noti iliyoanguka haizuiwi kwa mguu, kwa kuwa ina sura ya mfalme, na sheria yao inamfunga anayemkashifu mfalme miaka 3 hadi 15, kwa hiyo habari za ufalme ni bora ziachwe kabisa. Mwanamke hamgusi mtawa wala hampi kitu mkononi moja kwa moja. Wimbo wa taifa unapopigwa bustanini na vituoni, saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, watu wote husimama, na mgeni husimama nao.

Kesho yake tulipanda boti ya mtoni ya bendera ya chungwa, baht 16, tukashuka gati la Tha Chang na kwenda moja kwa moja hadi langoni. Vipaza sauti vilikuwa vinawaonya wageni wasimsikilize mtu yeyote anayewaambia kasri limefungwa. Kiingilio ni baht 500 kwa mgeni, na Mthai haingii kwa fedha. Nililalamika, mama mdogo akanikumbusha kwamba langoni Serengeti mgeni hulipa mara nyingi zaidi ya tunavyolipa sisi, nikanyamaza. Mlinzi aliwazuia vijana wawili wenye suruali zilizochanwa magotini. Dera la mama mdogo, linalofunika mabega hadi vifundo, lilipita bila swali. Ndani ya hekalu la Buddha wa Zumaridi, ambaye kwa kweli ni wa jiwe la jade na ana sentimita 66 tu, tulivua viatu, tukakaa sakafuni na miguu tumeikunjia nyuma. Picha haziruhusiwi. Mavazi ya dhahabu ya sanamu hiyo hubadilishwa na mfalme mara tatu kwa mwaka, kila msimu na vazi lake.

Aliyenishangaza ni mama mdogo kwenye makumbusho ya nguo ya Malkia Sirikit, ndani ya ua uleule. Mtu aliyeishi na majora ya vitambaa maisha yake yote alisimama mbele ya hariri ya mudmee, ambayo nyuzi zake hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, ili ua litokeze lenyewe kwenye mtambo wa mfumaji, naye akaikagua kwa makini yaleyale aliyolikagulia jiwe. Akauliza ni wapi kwetu mtu anaweza kuziona kanga za kwanza za pwani, zile za karne ya 19, zimetandikwa na kuwekewa taa namna ile, na kila moja ina maelezo ya aliyeivaa. Sikuwa na jibu. Makumbusho hayo yamo ndani ya tiketi ya baht 500, na wengi hutoka bila kuambiwa. Atakayekwenda aingie kabla ya saa tisa alasiri.