Nilivyosimamia usafishaji wa kiwanda cha zamani cha betri
Nilipokabidhiwa eneo lililokuwa kiwanda cha betri za magari, wamiliki walitaka udongo wote uchimbwe, usombwe na malori, kisha ujenzi uanze mara moja. Niliwaomba wasubiri, kwa sababu kuchimba bila kujua kilichomo ardhini ni kumhamishia jirani sumu yako, tena kwa gharama kubwa.

Michoro ya zamani ilionyesha lilipokuwa tanuru la kuyeyushia madini ya risasi, lakini tangi la dizeli lililofukiwa halikuwamo katika mchoro wowote. Nilionyeshwa na fundi mstaafu, ambaye alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kiraka cha zege na kukigonga kwa kisigino. Baada ya hapo tuligawa eneo katika miraba, tukachukua sampuli za udongo wa juu na wa kina, na kuchimba visima vya uchunguzi ili tujue maji ya chini ya ardhi yanaelekea wapi.

Majibu ya maabara yalitupa matatizo mawili yasiyotibika kwa dawa moja. Dizeli huliwa na bakteria waliomo udongoni, mradi wapate hewa, unyevu na virutubisho. Kwa hiyo udongo wake tuliurundika juu ya turubai nzito, tukapitisha ndani yake mabomba yenye matundu ya kupulizia hewa, na kuchanganya mbolea kwa makadirio ya sehemu 100 za kaboni kwa 10 za nitrojeni na 1 ya fosforasi. Mwanzoni konzi moja tu ya udongo huo ilichoma pua. Miezi ilivyopita harufu ilififia, ingawa pua haikuwahi kuwa kipimo chetu, na rundo halikuguswa hadi maabara iliporidhika.

Risasi ni habari nyingine kabisa. Ni elementi, haiozi wala hailiwi na kiumbe chochote, na Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango chake katika damu kilicho salama kwa mtoto. Inaweza kuondolewa, kufungwa kwa saruji au fosfeti ili isiyeyuke kwa urahisi, au kufunikwa watu wasiifikie. Nilimketisha msanifu majengo pamoja na mhandisi wa mazingira, tukaulaza mchoro wa majengo juu ya ramani ya uchafuzi, kazi ambayo kwa maoni yangu ingefaa kutangulia hata bajeti. Chekechea iliyopangwa kujengwa penye tanuru ilihamishiwa upande safi, na maghala na maegesho yakachukua nafasi yake, zege na lami vikiwa ndivyo kifuniko. Ni udongo wenye risasi iliyozidi tu uliopelekwa kwenye dampo la taka hatari, ukiwa umenyunyiziwa maji kuzuia vumbi, na magurudumu ya kila lori yakioshwa kabla halijatoka.

Masharti yaliandikwa katika hati ya ardhi: kisima cha maji ya kunywa hakichimbwi, sakafu ya maghala haivunjwi bila kibali, na visima vya uchunguzi vinaendelea kupimwa.