Makinda wawili tu: nilivyopunguza vifo kwenye banda langu la njiwa

Kuku wa kienyeji hutoka na vifaranga 12 na akawakuza, kwa kuwa kifaranga hudonoa mwenyewe tangu mwanzo. Mama kazi yake ni kuongoza, kufunika na kupigana na mwewe. Njiwa manga hana raha hiyo. Kinda wake huanguliwa macho yamefumba, hajiwezi, na kila anachokula lazima kitoke mdomoni mwa mzazi. Basi jozi hutaga mayai mawili, na hata mawili hayo huwashinda wengine. Mwingereza David Lack, mtaalamu wa ndege, alieleza tangu 1947 kwamba idadi ya mayai ya ndege hufuata idadi ya midomo ambayo wazazi wanaweza kuilisha. Bandani kwangu nimeona hivyo hivyo.

Mayai huatamiwa siku 17 au 18. Yakikaribia kuanguliwa, gole (kifuko cha chakula shingoni) la baba na la mama huanza kutoa maziwa mazito yenye protini na mafuta, na siku za mwanzo kinda hali kingine. Baadaye nafaka huanza kuchanganywa. Kwa hiyo kila jioni, kabla hawajalala, nagusa gole la kila kinda kwa kidole. Lililojaa naliacha. Likiwa tupu huku la mwenzake limevimba, najua mdogo anazidiwa nguvu.

Huyo namhamisha. Natafuta jozi yenye kinda mmoja wa umri ule ule, na umri hapa ndio kila kitu. Kinda mchanga ukimpeleka kwa wazazi ambao maziwa yao yamekwisha, watamjaza mtama naye atakufa. Aliyekomaa ukimweka na mchanga, atamnyang'anya kila kitu. Njiwa hambagui kinda mdogo asiye wake. Jike mmoja alipochukuliwa na paka, dume nilimwachia kinda mmoja, wa pili akaenda kwa majirani wa chumba cha chini. Wote wawili waliruka.

Lililonisumbua zaidi ni haraka yao. Makinda wakifika wiki mbili au tatu, jike hutaga tena, kulisha kukabaki zaidi kwa dume. Nimeweka vyungu viwili vipana katika kila chumba ili mayai mapya yasikanyagwe. Mtama ukipanda bei, nachukua mayai hayo yangali mapya, nayachemsha ili yasianguliwe, yakipoa nayarudisha. Wanaendelea kuatamia. Ukiyaondoa kabisa jike hutaga mengine upesi, na mwili wake ndio unaogharamia maganda.

Chakula chenyewe ni mtama, mahindi yaliyoparazwa na choroko, pamoja na changarawe na maganda ya mayai yaliyosagwa. Maji siyapunguzi hata kidogo, maana mzazi anayelisha hunywa kupita kiasi.

Msimu wa mavuno naacha kila yai lianguliwe. Jozi zangu za wazee hulea kinda mmoja mmoja hata wakati huo, nami siziongezei wa pili.