Fiesta ya Lucban na Maiki Inayozunguka

Mabasi ya Lucena, mji wa kubadilishia gari kwenda Lucban, huondoka Manila kutwa nzima kutoka vituo vya Cubao na Buendia, lakini ikikaribia tarehe 15 Mei viti hujaa mapema sana. Siku hiyo mji wa Lucban, mkoa wa Quezon, chini ya mlima Banahaw, humsherehekea Mtakatifu Isidro, msimamizi wa wakulima. Sherehe inaitwa Pahiyas. Familia moja ya huko ilitualika, na kila Mfilipino aliyesikia habari ya mwaliko alituuliza swali lilelile: mtaimba nini?

Manila hadi Lucena ni kilomita 130 hivi. Foleni ya kutokea jijini ndiyo inayoamua kama utafika kwa saa tatu au tano. Hapo Lucena unapanda jeepney, gari dogo la abiria, ya kwenda Lucban. Nauli unampa abiria wa mbele yako, naye huipitisha mkono kwa mkono hadi kwa dereva, na ukitaka kushuka unasema "para po". Siku ya sherehe magari hayaingii katikati ya mji, kwa hiyo beba mzigo mdogo.

Asubuhi ni ya maandamano. Njia yake hubadilishwa kila mwaka, na nyumba zilizo kandokando hupambwa kwa mpunga, mboga, soseji za longganisa na kiping, yaani karatasi za unga wa mchele zilizokaushwa kwa umbo la majani na kutiwa rangi kali. Ni mapambo ya kupendeza mno. Ila ukitaka kuwajua wenyeji, fika nyumbani kwao baada ya chakula cha mchana, inapowashwa videoke, yaani karaoke yenye skrini ya kusomea maneno ya wimbo.

Kabla ya hapo kuna adabu ya kuingia. Wazee hupokelewa kwa kuushika mkono wao na kuugusisha kwenye paji la uso wako, ukisema "mano po". Mama wa makamo ni Tita, kaka mkubwa ni Kuya, bibi ni Lola. Kisha unakula, na kukataa hakueleweki: pancit habhab, yaani tambi zinazoliwa moja kwa moja kutoka kwenye jani la mgomba bila uma, lumpia (chapati nyembamba zilizoviringishwa na kujazwa), nguruwe wa kuchoma, na tambi tamu zenye soseji nyekundu ambazo watoto huziwahi. Asiyekula nguruwe aseme mapema na kwa upole. Atawekewa samaki au kuku.

Mashine ya kukodi ni kabati la mbao lenye skrini juu na spika chini. Ndani mna amplifaya na kifaa chenye maelfu ya nyimbo, na mbele kuna tundu la sarafu, vitufe vya namba na matundu mawili ya maiki. Vibandani hulipiwa kwa sarafu, mara nyingi peso 5 kwa wimbo. Ya nyumbani hukodiwa kwa siku nzima. Siku za fiesta agiza mashine mapema, maana mtaa mzima unazitaka.

Kitabu cha nyimbo huzunguka meza pamoja na sahani. Tafuta jina, soma namba, ibonyeze na uiweke kwenye foleni. Kosa kubwa kuliko yote hutokea hapa: ukibonyeza kitufe cha kuanza badala ya cha kuweka nafasi, unaweza kuukata wimbo wa mtu aliyeshika maiki. Kama hujui vitufe, mtajie namba kijana anayeshika rimoti. Mwombe pia akushushie ufunguo wa wimbo ngazi mbili au tatu, kwa sababu balladi nyingi zinazopendwa pale hupanda juu sana kwenye kiitikio, na wageni wengi hukwama hapohapo.

Maiki ikipiga mluzi, sababu huwa moja kati ya tatu: umeielekeza kwenye spika, umefunika kichwa chake kwa kiganja, au mwangwi umefunguliwa kupita kiasi. Simama pembeni ya spika au nyuma yake, ishike katikati ya mpini, kichwa kiwe vidole vitatu hivi kutoka mdomoni. Sauti ikikatikakatika, tazama waya pale unapoingia kwenye maiki, maana hapo ndipo unapokunjwa na kila mkono unaopita. Umeme ukikatika, zima swichi kuu kabla haujarudi. Ukirudi ghafla unaweza kuunguza amplifaya.

Wimbo ukiisha, tarumbeta hulia na alama huonekana. Usiziamini. Bibi anayeimba kundiman, wimbo wa mapenzi wa jadi, kwa sauti ya kutuliza moyo atapewa 76, na mjukuu anayepiga kelele atapewa 98, na wote wawili watashangiliwa. Hilo ndilo lililotugusa zaidi. Hakuna anayepimwa. Maiki ni sehemu ya ukarimu kama sahani ilivyo, na mgeni anayeimba vibaya kwa moyo wote huhesabiwa wa nyumbani kuliko fundi anayekaa kimya. Kiitikio kikikushinda, meza nzima itakubebea.

Ukitaka kumfurahisha mzee wa nyumba, mtaje Roberto del Rosario. Mjapani Daisuke Inoue alitengeneza mashine yake ya karaoke mwaka 1971 lakini hakuisajili. Del Rosario, Mfilipino, ndiye aliyepata hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, za mashine yake ya kuimbia, Sing-Along System, mwaka 1983 na 1986, na mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Ufilipino ilimpa haki yake. Vijana watakutajia Arnel Pineda, aliyeonekana YouTube mwaka 2007 akiimba nyimbo za wengine na bendi yake, akachukuliwa kuwa mwimbaji wa Journey, bendi ya roki ya Marekani.

Tahadhari moja ni ya baa, si ya sebuleni: magazeti yameripoti kwa miaka mingi mauaji yaliyotokana na ugomvi wakati "My Way" ikiimbwa, na baa kadhaa ziliuondoa wimbo huo. Usimcheke mwimbaji usiyemjua, wala usimnyang'anye maiki.

Jioni huja lambanog, pombe kali ya mnazi. Glasi ni moja, mmiminaji ni mmoja, na zamu huzunguka. Kama hunywi, igusishe glasi midomoni na uirudishe kwa shukrani. Sehemu nyingi hufunga videoke saa nne usiku kwa amri ya serikali ya mtaa, kwa hiyo anayetaka kuimba asisubiri giza.

Kwa wasomaji walio Dubai au Muscat wanaotumwa na wenzao wa Kifilipino kupeleka maiki ya karaoke nyumbani kwao: umeme wa Ufilipino ni volti 220, lakini soketi ni za pini mbili bapa. Plagi ya pini tatu ya huko Ghuba haiingii, kwa hiyo tia adapta kwenye boksi la maiki hiyo.