Boriti ya ghala kuukuu huanza kufa ukutani

Maghala ya zamani na mabani ya tumbaku (majengo ya kukaushia majani yake) yaliyobaki Iringa yana mbao ambazo leo huzipati sokoni kwa unene ule: mninga, mkongo, mvule. Mwenye jengo akitaka kuligeuza kuwa ofisi au mgahawa, ushauri wa haraka ni kung'oa kenchi yote na kuweka paini ya Mafinga. Naupinga kabisa. Mara nyingi boriti ni nzima, kilichooza ni ncha tu.

Sababu ni hii. Sehemu iliyo hewani hulowa na kukauka. Ncha iliyozikwa kwenye tofali hunywa maji ya mvua kuanzia Novemba hadi Aprili bila kupumua, na unyevu wa mbao ukishazidi asilimia 20, kuvu hupata makao. Kwa hiyo gonga kwa nyundo ukielekea ukutani. Mlio ukibadilika kuwa mzito na butu, choma kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye sabuni, hapo pameoza.

Egemeza boriti kwa mirunda kwanza. Kata uozo wote pamoja na sentimita 30 za mbao zinazoonekana nzima, maana kuvu hutangulia mbele ya macho. Unga kipande kipya kwa mkato wa mshazari: boriti yenye kimo cha milimita 200 ipewe mshazari usiopungua milimita 600, bolti nne za milimita 12 na washa pana. Kama juu patakuwa na sakafu ya watu, mhandisi apige hesabu kwanza.

Kipande hicho kitoke kwenye mabaki ya jengo hilohilo, mti uleule, ukavu uleule. Paini mbichi ikiungwa na mninga wa miaka mingi husinyaa, na baada ya kiangazi kimoja bolti zinacheza.

Unaporudisha ncha ukutani, weka karatasi ya lami chini yake na uache nafasi ya milimita 25 pembeni, juu na nyuma. Fundi atataka kuiziba kwa saruji ili papendeze. Mkatalie, kwani saruji ndiyo inayofungia maji ndani. Lipu ya kuta hizo nayo iwe chokaa moja kwa mchanga tatu.

Mbao za kupasua upya zipitishwe sumaku. Msumari mmoja uliokatikia ndani unatosha kuharibu msumeno. Vitundu vyenye unga mpya maana yake wadudu wangali hai: paka boraksi kilo 1.5 na asidi ya boriki kilo 1 katika lita 22 za maji ya moto, mara mbili. Hii ni kwa mbao za ndani tu, mvua huiosha. Oili chafu achana nayo: haizami, inanuka, na rangi haishiki juu yake.

Na kama paa ni la asbesto, asilivunje mtu yeyote kwa nyundo. Vumbi lake huua mapafu. Mabati hayo hulowanishwa na kushushwa yakiwa mazima, na watu waliofunzwa kazi hiyo.